Ubeti wa Pili Uko Wapi? Hip hop na ibada katika makanisa yetu

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nikianza na makosa ya wazee utasema huyu ni kijana mwingine tu mwenye mdomo.

Mimi nafanya kazi na vijana hapa Kakuma. Si kazi kubwa. Nafungua chumba saa tisa, natoa mipira, natuliza ugomvi, naandika majina kwenye daftari, jioni nafunga. Jumapili niko kanisani kama wengi wetu, kanisa la udongo na mabati. Jina lake naliacha, kwa sababu ninayotaka kusema hayahusu kanisa moja. Mwaka jana viongozi waliniita wakaniambia: vijana wamepungua. Viti vya nyuma viko wazi, lakini pale kwa kinyozi sokoni wamejaa mpaka mlangoni. Wanafuata nini kule? Nikasema, wanafuata hip hop. Mzee mmoja akafikiri kidogo, akasema, "Basi huyo hip hop mwite aje kanisani." Tulicheka wote, lakini hakuwa anatania.

Nikaenda kwa kinyozi, nikamtafuta kijana mmoja wa miaka kumi na saba. Jina lake siandiki, watu wa zoni yetu wanamjua. Hana studio wala biti ya kompyuta. Wenzake wanagonga meza, yeye anachana. Kiswahili chake ni kile cha kwetu Kivu kilichochanganyika na Sheng, na akianza hata mteja aliyenyolewa nusu anageuza kichwa. Nikamwambia Jumapili ya mwisho wa mwezi ni ibada ya vijana, atunge kitu. Baada ya wiki akaniletea karatasi ya daftari yenye beti tatu.

Ubeti wa kwanza ulikuwa wa kumsifu Mungu aliyeumba jua, na kwa utani aliuliza kama jua la Turkana alisahau kulipunguza. Wa tatu ulikuwa wa kuwaita wenzake waje kwa Yesu. Ule wa pili ulikuwa wa mama yake. Faili la mama huyo lina miaka saba. Anaitwa intavyu, anakwenda, anarudi, anaambiwa subiri. Mwisho wa ubeti kijana anamuuliza Mungu: na wewe pia una dirisha ambapo watu wanapanga foleni? Na kama lipo, mama yangu ni namba ngapi?

Nikampelekea mzee karatasi. Alisoma polepole, akavua miwani. "Mwanangu, wa kwanza ni mzuri. Wa tatu ni mzuri. Huu wa katikati utoe. Utawavunja watu moyo. Halafu siku hiyo tutakuwa na wageni."

Sikubisha. Nilikwenda kwa kijana nikamwambia kwa maneno laini kwamba muda wa ibada ni mdogo, apunguze. Hilo la muda lilikuwa uongo. Muda ulikuwepo.

Jumapili ile kanisa lilijaa. Wengine walisimama dirishani. Kijana akachana beti zake mbili, watu wakapiga makofi na vigelegele, wageni wakapiga picha, na mzee akanishika mkono akisema nimefanya kazi nzuri. Jumapili iliyofuata kijana hakuja. Wala ile nyingine. Nikamkuta kwa kinyozi, nikamuuliza kwa nini amepotea. Hakukasirika. Alisema hivi: "Kaka, ule ubeti mlioutoa ndio nilikuwa nakuja kumwambia Mungu. Zile mbili nilizitunga ili mniruhusu niingie."

Tangu siku hiyo nina swali linalonisumbua, na ndilo nimelileta hapa tulifikirie pamoja. Sisi tulifanya nini hasa? Tulimleta kijana mbele za Mungu, au tulimtumia kama chambo?

*

Kwanza niliondoe njiani swali ambalo wengi wanadhani ndilo kubwa: je, hip hop ni muziki wa shetani? Hoja yenyewe mnaijua. Muziki huu umetoka kwenye mitaa mibaya, una matusi, una bangi, unawadharau dada zetu, sasa unawezaje kusimama mahali patakatifu? Siidharau hoja hii. Nyimbo za namna hiyo zipo, na mimi mwenyewe kuna nyimbo nazima redio mdogo wangu wa kike akiingia. Lakini wanaosema hivyo wamesahau sisi wenyewe tulikotoka.

Angalia makanisa yetu ya Wakongomani wakati wa sifa, pale gitaa la solo linapoanza kukimbia na mama zetu wanapepea vitambaa. Hiyo ni seben. Seben haikuzaliwa kanisani. Ni ile sehemu ya rumba ambapo mwimbaji ananyamaza na magitaa yanawaachia watu uwanja wacheze, na ilikomaa kwenye baa za Kinshasa na Brazzaville. Leo jaribu kuliambia kanisa la Wakongomani lifunge sifa bila seben, uone kama utafika nyumbani salama. Mzee aliyeniambia rapu ni ya mitaani ndiye huyo huyo anayecheza seben mpaka koti linalowa jasho.

Ngoma nayo ina historia yake. Wamisionari wengi waliikataa, wakisema ni ya mizimu. Babu zetu waliambiwa ukitaka kuokoka iache nje. Lakini mwaka 1988 Roma ilikubali rasmi kitabu cha misa kwa ajili ya majimbo ya Zaire, na katika misa hiyo ngoma zinapigwa na padri anacheza akiizunguka altare. Kwa hiyo kitu kilichofukuzwa mlangoni kilirudi, kikapewa kiti cha mbele. Basi sauti peke yake haina dini, inategemea imebeba nini na inamwambia nani.

Jambo kama hilo lilitokea pia mbali na kwetu, kwenye makanisa ya watu weusi katika jiji la Chicago, Marekani. Kulikuwa na mpiga piano aliyeitwa Thomas Dorsey. Kwenye kumbi za starehe walimjua kama Georgia Tom, mtu wa blues, na baadhi ya nyimbo zake huwezi kuziimba mbele ya mama mkwe. Alipoanza kuandika nyimbo za kanisa kwa mdundo ule ule wa blues, makanisa mengi hayakumtaka. Mwaka 1932 alikuwa safarini St. Louis kwa kazi ya muziki wa kanisa, akaletewa habari kwamba mke wake, Nettie, amefariki akijifungua. Muda mfupi baadaye mtoto naye akafariki. Katika msiba huo Dorsey akaandika wimbo wa kumwomba Bwana amshike mkono, wimbo ambao leo unaimbwa na Wakristo duniani kote, na yeye anaitwa baba wa muziki wa gospel.

Watu wengi wakisimulia habari hii wanasema: unaona, blues iliingia kanisani, kwa hiyo hip hop nayo iingie. Mimi naona jambo jingine. Mdundo wa kumbi za starehe uliingia kanisani, ndiyo, lakini uliingia na msiba wake. Hakuna aliyemwambia Dorsey, tupe piano, ule uchungu acha nje. Wangefanya hivyo, wangepata mdundo tu, na ule wimbo usingekuwepo.

*

Hip hop yenyewe ilianzishwa na watu wanaofanana na sisi kuliko tunavyodhani. Tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, mtaa wa Bronx jijini New York, dada mmoja aitwaye Cindy Campbell aliandaa sherehe ili apate pesa za nguo za shule. Kaka yake, DJ Kool Herc, ndiye aliyepiga muziki. Huyo kaka alizaliwa Jamaica, akaletwa New York akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Ni mtoto wa wahamiaji, kama wengi wetu hapa. Na Bronx ya miaka ile ilikuwa mahali ambapo majengo yaliungua moja baada ya jingine, kazi zikakimbia, na watu wakaachwa. Vijana wakachukua sahani za santuri za wazazi wao na kipaza sauti, wakaanza kusema: sisi tupo. Hiyo ndiyo maana ya kwanza ya rapu, kusema nipo mahali ambapo wamekuhesabu kama haupo. Sidhani kuna mtu wa kambini anayehitaji kufafanuliwa hilo.

Makanisa ya mijini yalichelewa kuelewa, lakini mengine yalielewa. Mwaka 2004, huko huko South Bronx, kanisa moja la Episkopo, Trinity la Morrisania, chini ya padri Timothy Holder, lilianza misa ya hip hop. Miaka miwili baadaye kikatoka kitabu cha sala chenye zaburi na sala kwa lugha ya mtaa ule. Karibu na sisi zaidi, Nairobi, Juliani alitoka Dandora, mtaa unaojulikana kwa jalala lake, akiwa na kundi la Ukoo Flani Mau Mau. Alipookoka hakuacha rapu wala Sheng. Aliendelea kuimba juu ya bei ya unga, wanasiasa na kijana asiye na kazi, na mwaka 2011 akatoa albamu aliyoiita Pulpit Kwa Street. Napenda jina hilo kwa sababu ya njia yake: kutoka mimbari kwenda barabarani. Makanisa mengi yanataka njia ya upande mmoja tu, barabara ije kwenye mimbari, tena ije ikiwa imeoga.

Hapo ndipo penye shida. Kuna rapa Mmarekani anaitwa Lecrae, vijana wengi hapa wanamjua kwenye simu zao. Mwaka 2013 alipata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya gospel kwa albamu yake Gravity. Makanisa mengi ya Wazungu wa Marekani yalimpenda, wakamwita kwenye mikutano ya vijana. Mwaka 2014, kijana mweusi, Michael Brown, alipouawa na polisi katika mji wa Ferguson, Lecrae akaanza kusema wazi juu ya maumivu ya watu wake. Wengi wa wale wale waliompigia makofi wakamgeuka. Mwaka 2017 akasema hadharani kwamba ameachana na ule Ukristo wa kiinjili wa Wazungu. Imani hakuiacha. Alichokiacha ni meza ambapo alikaribishwa kula lakini hakuruhusiwa kuongea.

Sisemi Ferguson na Kakuma ni sawa. Risasi ya polisi na faili la mama anayesubiri ni mambo mawili tofauti. Lakini mtindo ni ule ule: tunakupenda ukitufurahisha, tunakuogopa ukituambia. Kanisa linachukua biti, linachukua kofia na mikono inayopunga, linachukua umati. Ubeti wa pili linauacha mlangoni.

Nimezaliwa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, na nimekulia kati ya wavuvi. Ndagala unayemtia kwenye ndoana humuulizi ana habari gani. Yeye kazi yake ni kung'aa majini mpaka samaki mkubwa aje. Ndivyo tulivyomfanya yule kijana. Tulimhitaji ang'ae.

Mtu mmoja nilipomwambia hivi alinijibu vizuri, na jibu lake nalileta hapa bila kulikata, maana kukata nimeshakata vya kutosha. Alisema: "Lakini vijana wale wote walisikia neno la Mungu siku ile. Kama beti mbili zimewaleta, hasara iko wapi?" Ni hoja nzito. Nimeilalia siku kadhaa. Jibu langu ni hili: kumtumia mtu kwa lengo jema bado ni kumtumia. Na wale vijana hawakusikia mahubiri tu. Wengi wao walikuwa wa kwa kinyozi, wimbo walishausikia mzima, beti zote tatu, kabla haujafika kanisani. Walijua kilichokatwa. Kwa hiyo somo walilobeba nyumbani lilikuwa kwamba ukitaka kuingia hapa, njoo na beti mbili.

*

Sasa niwe wa haki kwa upande wa pili, maana sitaki mtu afikiri hip hop ni malaika.

Rapu ina ugonjwa wa "mimi". Mimi mkali, mimi wa kwanza, wengine wote ni takataka. Ibada ni mahali pa "sisi". Wimbo wa kwaya bibi anaimba, mtoto anaimba, na asiyejua maneno anapiga makofi. Rapu mtu mmoja anaongea haraka na wengine mia wanatazama. Wazee wana haki ya kuuliza: hii ni ibada au ni onyesho? Na dada zetu wana haki ya kuuliza zaidi. Nimeona kijana anachana juu ya msalaba Jumapili, na Jumatatu anachana juu ya wasichana kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mdomo ni ule ule. Hilo si suala la utamaduni, ni suala la adabu na ukweli, na kijana anayetaka kipaza sauti cha kanisa lazima akubali kuulizwa.

Nimelifikiria sana jambo hili la mtu mmoja kuongea na wengine kusikiliza, na nimeona kwamba kanisani kwetu jambo hilo tayari lipo. Linaitwa ushuhuda. Kila Jumapili kuna mtu anasimama, anasema "Bwana asifiwe!", tunajibu "Amina!", na anaanza kusimulia maisha yake. Hatuimbi naye. Anasema "mimi, mimi, mimi" kwa dakika kumi na hakuna anayemwambia ana kiburi, kwa sababu tunajua anasimulia kwa ajili yetu sote. Paulo mwenyewe aliwaandikia Wakorintho akijisifu, ila alichagua kujisifia udhaifu wake.

Kwa hiyo naona tumekosea mahali pa kuiweka rapu. Tunaiweka kwenye nyimbo, tunailinganisha na kwaya, halafu tunaona haifai. Iweke kwenye ushuhuda, itakaa vizuri. Na sheria zake ziwe zile zile za ushuhuda: sema yaliyokupata kweli, usimtukane mtu, usijipandishe, na ukimaliza kanisa likujibu, kwa Amina au kwa maombi. Biti ni kiti tu cha kukalia maneno.

Lakini nilipofika hapo nikagundua jambo lililoniogopesha zaidi. Ushuhuda wenyewe tunaukata pia.

Fikiria shuhuda zote ulizosikia mwaka huu. Nilikuwa mgonjwa, nimepona. Sikuwa na mtoto, nimepata. Jina langu limetoka kwenye ubao, tarehe fulani tunasafiri, Bwana ametenda! Tunashangilia, na ni vizuri kushangilia. Sasa niambie lini umemsikia mtu akisimama mbele kusema: nilikuwa mgonjwa, bado ni mgonjwa. Nimeomba miaka saba, sijajibiwa. Bado niko hapa, na bado namwomba. Mtu huyo yupo. Tena katika kambi kama hii, yeye ndiye wengi. Lakini hana nafasi kwenye programu ya ibada. Mbele wanasimama wale ambao hadithi yao imekwisha vizuri, na wengine wote tunakaa kwenye viti tukingoja yetu iishe ndipo tupate ruhusa ya kuongea.

Hivyo ndivyo ninavyouelewa sasa ule ubeti wa pili. Tatizo halikuwa rapu. Mama yake angesimama na kitenge chake akasema maneno yale yale bila biti, tungemkatisha kwa wimbo. Hip hop ilitufunulia tu kitu ambacho kilikuwepo zamani.

Na Biblia yetu haina aibu hiyo. Katika Zaburi 150 nyingi ni za vilio. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inamalizikia gizani. Hakuna shukrani mwishoni wala "lakini Bwana akanijibu". Waliokusanya kitabu kile wangeweza kuitoa, au kuiongezea mstari mmoja mtamu. Waliiacha ilivyo. Kuna kitabu kizima kinaitwa Maombolezo. Na Ayubu alimwuliza Mungu maswali makali kuliko ya yule kijana wetu, huku rafiki zake watatu wakimtetea Mungu kwa maneno mazuri. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wale watetezi, na anasema Ayubu ndiye aliyenena sawasawa. Nikisoma hapo najiona mimi na karatasi ya daftari mkononi, nikiwa rafiki wa nne.

*

Naomba pia neno na ninyi ndugu zetu wa mashirika mnaosoma jarida hili. Msicheke makanisa peke yake. Nyinyi nanyi mnakuja na kamera mkitafuta hadithi za mafanikio: msichana aliyefungua saluni, kijana aliyepata cheti. Mara ngapi mmemuuliza mtu habari yake, na alipofika kwenye ubeti wa pili mkaangalia saa? Sisemi kwa ubaya. Najua ripoti inataka mwisho mzuri. Mimi pia naandika ripoti, na Jumapili ile niliandika idadi ya waliohudhuria, nikaandika "mafanikio makubwa".

Na nimtetee mzee, kwa sababu nimemsema sana. Hakuwa na roho mbaya. Amezika watu hapa, na kati yao wapo waliokata tamaa mpaka mwisho. Anajua neno moja linaweza kumwangusha mtu aliyekuwa anajishikilia kwa kucha. Alikuwa analinda watu wake. Swali langu kwake ni moja tu: je, mtu anaangushwa na kusikia kilio cha mwenzake, au anaangushwa na kulia peke yake huku wote pembeni yake wakicheza?

Nilimrudia mwezi uliopita, nikamuuliza hivyo hivyo. Nilikiri pia kwamba nilimdanganya kijana kuhusu muda. Nilikuwa nimeihifadhi ile karatasi, akaiomba tena. Aliusoma ule ubeti mara mbili. Kisha akaniambia faili lake yeye ni la zamani kuliko la mama wa yule kijana, na kwamba miaka yote hii hajawahi kulitaja kanisani, kwa sababu kiongozi akilia kondoo watatawanyika. Tukakaa kimya. Nje watoto walikuwa wanapita na madumu ya maji.

Akasema, "Mlete Jumatano." Jumatano ni maombi ya jioni, hakuna wageni, hakuna vipaza sauti. Beti zote tatu. Halafu yeye mwenyewe atamwombea mama huyo kwa jina, na mwenye kutaka kusema la kwake ambalo halijakwisha atasema. Sijui kama litakuwa jambo kubwa. Biti itakuwa ya kugonga meza.

Nimemfikishia kijana ujumbe. Nimemwambia pia ukweli juu ya ule uongo wangu. Alinisikiliza, akaendelea kumshikia kinyozi kioo, akasema ataona. Hajaja bado. Jumatano mbili zimepita. Mzee ameniuliza kila mara, na mimi nimejibu bado.

Ni haki yake. Tulimwekea foleni, sasa na sisi tunasubiri. Meza ipo, na muda upo.